Mgema Alibaki Nyumbani

Wanawake wawili walikaa mbele yangu kwenye treni ya mjini kutoka Greenbelt, huku ughaibuni. Mmoja, Mtanzania kwa lafudhi, alikuwa anakwenda kwenye usaili wa digrii ya uuguzi, ile ya haraka ya watu wenye digrii nyingine tayari, ambayo waombaji ni wengi na nafasi ni chache. Mwenzake, Mkenya, alijifanya profesa ili amfanyishe mazoezi.

"Kwa nini tukuchukue wewe?"

"Nadhani hata wenzangu wanafaa."

Mkenya akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Wee! Umeenda kuwaombea wengine? Jisifu!"

"Nijisifu mwenyewe, dada? Mgema akisifiwa..."

"Mgema tulimwacha nyumbani. Pale kazini kwako, kwenye nyumba ya wazee, ni nani asipokuwepo wazee hukataa kula?"

"Mimi," akanong'ona, kiganja kimefunika mdomo.

Mkenya akaushusha ule mkono taratibu. "Tena."

"Mimi!"

Abiria wakageuka. Mtanzania akacheka, na tulipofika kituo cha Shaw akashuka shingo imenyooka. Mwenzake alimpungia dirishani mpaka treni ikaondoka. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza mambo ya usaili ameyajulia wapi.

"Niko kwa hiyo programu. Niliingia mwaka jana."

"Hongera! Basi wewe ni kichwa kweli."

Mkono wake ukapanda mdomoni. "Aah, ilikuwa bahati tu."

Nilitamani sana kuushusha ule mkono, lakini hatukuwa tumejuana kiasi hicho.