Herufi Nisizozibonyeza

Nilipoajiriwa kwenye afisi ya kupokea maombi ya vyumba, katika hoteli moja ya Diani, niliingia na uongo mmoja. Kwenye barua yangu ya kazi niliandika kwamba nimemaliza kozi ya kompyuta pale Ukunda. Kozi niliihudhuria, lakini mtihani sikuufanya. Juma la mtihani nilikuwa nyumbani Mkwiro kwenye matanga ya bibi yangu, na niliporudi wenzangu walikwisha kutawanyika. Hakuna aliyenidai cheti. Hata hivyo, kila meneja alipotaja neno vyeti, hata kama ni vyeti vya wapishi, nilihisi masikio yakipata moto.

Afisi yetu ilikuwa na meza mbili. Moja yangu, ya pili ya dada mmoja wa bara aliyenitangulia kazini miaka miwili. Tulikaa tukipeana migongo. Yeye aliandika kwa vidole vyote kumi, macho yakiwa kwenye skrini, akiongea huku simu imebanwa begani. Mimi niliandika kwa vidole viwili, na nilipokuwa na haraka nilitamka kila herufi kwa mdomo. Mara kwa mara aligeuka na kuniambia nisiiangalie kibodi, nizoee. Alisema kwa wema, naamini sasa. Wakati ule nilisikia mtu anayenipima.

Ilianza siku moja baada ya sala ya adhuhuri, saa ambayo wageni wamelala na simu hazilii. Nilikuwa namjibu mgeni aliyetaka chumba kinachoelekea bahari. Nikasita kutafuta neno la Kiingereza, mikono ikiwa mapajani, na mbele ya macho yangu ikatokea safu ya herufi *a*. Zikafuata *b*. Kisha *baba*, *baba*, *baba*, polepole, kama mtoto anayejifunza kutamka.

Niliipindua kibodi nikaipigapiga kiganjani. Vikadondoka vumbi na makombo ya mahamri. Nikafuta zile herufi, nikamaliza barua yangu.

Kesho yake, saa ile ile, likaja neno *sabuni*. Nikageuka ghafla. Mwenzangu alikuwa amenipa mgongo, mikono yake ikienda mbio juu ya kibodi yake. Sikuweza kuona anachoandika. Nilimwambia kwamba kompyuta yangu yajiandikia yenyewe. Alicheka kidogo, akasema labda kibodi imeingia chumvi, maana huku kwenu kila kitu hushika kutu. Katika maneno yote yale nililobeba ni moja tu, *kwenu*.

Shaka ikishapata pa kukaa, haiombi tena ruhusa. Nilikumbuka kwamba aliwahi kuinama chini ya meza yangu kuokota kalamu, akachelewa kuinuka. Nilikumbuka kwamba neno langu la siri nililiandika huku nikilitamka herufi kwa herufi, naye yuko hatua mbili nyuma yangu. Nikalibadilisha. Baada ya siku tatu nikalibadilisha tena, safari hiyo nikalisahau mwenyewe, ikabidi nimwombe yeye yeye anisaidie kufungua. Alinifungulia bila kuuliza. Nami nikajiambia, tazama ajuavyo njia.

Kila nilipotoka kwenda msalani niliweka kijiti cha kiberiti baina ya vitufe viwili, ili nijue kama kuna mkono uliopita. Kijiti nilikikuta pale pale kila mara. Hilo halikunituliza. Nilisema aliyeweza kuniandikia bila kugusa kibodi hana haja ya kukitoa kijiti. Nilimpigia mama simu nikamweleza. Aliniambia nisome Ayatul Kursi kabla ya kuketi, na nisiache kikombe changu cha chai karibu na mtu huyo. Nikayafanya yote mawili.

Maneno yaliendelea kuja. *Mchele*. *Viberiti*. *Sukari*, likiwa na *k* mbili. Siku nyingine hayakuja kabisa, na siku hizo nilichoka zaidi kwa kuyangoja.

Kisha ikaja Alhamisi. Nilikuwa katikati ya barua ya Kiingereza, namwomba radhi mgeni ambaye chumba chake kilikuwa kimepewa mwingine, pakaandikwa, herufi moja moja, neno *najua*.

Sikungoja neno la pili. Niliinama nikachomoa waya ukutani, skrini ikazima. Mwenzangu akageuka, akaniuliza kama stima imepotea. Nikamwambia ndiyo, imepotea. Skrini yake ilikuwa inawaka mbele yetu sote wawili. Aliitazama, akanitazama mimi, akarudi kwenye kazi yake.

Najua nini? Kwangu mimi jibu lilikuwa moja. Amejua sikufanya mtihani, na ananichezea kabla ya kunipeleka kwa meneja. Nikaona afadhali nitangulie mimi.

Meneja wetu alikuwa mtu wa Mombasa, mpole, asiyependa kelele kazini. Nilimwambia kwamba mwenzangu huingia kwenye kompyuta yangu na kuharibu barua za wageni. Nilikuwa nimezichapisha barua mbili kama ushahidi, moja ina *sabuni* katikati ya salamu. Ile ya *najua* sikuichapisha. Akamwita dada yule, akampa karatasi azisome. Alizisoma taratibu, kisha akasema, bila kunitazama:

"Nikitaka kumharibia mtu kazi, siwezi kuandika sabuni."

Nilidhani meneja atacheka, lakini hakucheka. Alisema hana njia ya kujua ukweli uko wapi, na wageni ndio kwanza. Akamhamishia kwenye kaunta ya taulo, kando ya bwawa la kuogelea, kwa muda, mpaka mambo yatulie. Dada yule alirudi afisini kuchukua kikombe chake na mto wa kiti. Mlangoni akasimama.

"Dada, ungeniuliza kwanza," akasema.

Nilijibu kwamba nilimwambia. Akasema kumwambia mtu si kumuuliza, akaenda zake.

Siku nne zilizofuata hapakutokea herufi hata moja. Nilifanya kazi kwa raha, nikiwa peke yangu, na kila alasiri ilipopita salama niliona ni ushahidi mwingine. Nilipopita kando ya bwawa nilimwona akikunja taulo juani, nami nikaharakisha mwendo. Siku ya tano, baada ya adhuhuri, skrini ikaandika *mchele*.

Nilitazama nyuma. Kiti chake kilikuwa kitupu. Mlango nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo. Mikono yangu nilikuwa nimeikunja kifuani. Herufi zikaendelea kuja, safari hii kwa mwendo wa kujiamini kidogo: *mimi ni*. Zikasimama. *Mimi ni* tena.

Sikutaka kusoma mimi ni nani. Nilifungua mlango nikatoka, nikitaka kuona mtu yeyote tu, na mtu wa karibu alikuwa mtunza ghala, ambaye chumba chake kilitenganishwa na chetu kwa ubao mwembamba. Alikuwa mzee wa Msambweni, aliyebakisha miaka michache kustaafu, msafi wa kanzu siku za Ijumaa na msafi wa mwandiko siku zote. Alirudi asubuhi ile kutoka Vanga, kwenye harusi ya mpwa wake. Hilo nililijua, kwa kuwa alikuwa ametuletea halua. Nililijua na sikuliunganisha na chochote.

Nilimkuta amekaa juu ya gunia, ameinama. Nilipotoa shikamoo alishtuka, akavuta kitambaa akafunika kitu kilichokuwa mapajani mwake, kisha ndipo akaniitikia marahaba. Chini ya kitambaa palikuwa na taa ndogo ya kijani. Nikamuuliza ni nini kile.

Alisita sana. Mwisho akafunua. Ilikuwa kibodi kuukuu, isiyo na waya, vitufe vimefifia.

"Ni mbovu, mwanangu. Imetupwa huku ghalani. Haijaungwa popote. Nazoeza vidole tu."

Akanieleza kwa sauti ya chini. Meneja alikuwa ametangaza kwamba mwaka ujao hesabu yote ya ghala itaingizwa kwenye kompyuta. Wenzake vijana walipiga makofi. Yeye hakusema kitu, maana miaka yote ile hakuwahi kubonyeza hata kitufe kimoja, na aliona aibu kumwomba mtu wa umri wa wajukuu zake amfundishe. Alipoikuta kibodi hii kwenye vitu vilivyotupwa, akaona ni rehema. Angejifunza zilipo herufi, bila skrini na bila shahidi, na siku ikifika angeketi kama watu wengine. Ile taa ilipowaka alifurahi tu, akadhani ndiyo desturi yake. Mbele yake, juu ya katoni, palikuwa na karatasi yenye mwandiko wake mzuri. Nikaisoma: *Mimi ni mtunza ghala. Najua kazi yangu.*

Nilimwomba anifuate afisini, akanifuata bila kuelewa. Pale kwenye skrini, katikati ya barua ya mgeni, kulikuwa na maneno *mimi ni mtunza gala najua ka*.

Aliyatazama kwa muda mrefu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyaona maneno aliyoyaandika.

"H imeniponyoka," akasema.

Kisha uso wake ukabadilika. Akaniuliza kama siku zote hizi nimekuwa nikimsoma, na kama meneja ndiye aliyenituma. Ilinibidi niape. Niliona machoni mwake kile kile nilichokuwa nacho mimi majuma mengi, na nilijua kiapo hakikitoi.

Tulipiga magoti sote wawili tukaivuta kompyuta mbele. Nyuma yake, mahali ambapo hakuna anayefika ila kwa ufagio, palikuwa pamechomekwa kidude kidogo kama ukucha. Mzee alikumbuka kwamba kibodi ile ilitumiwa na mtu aliyekalia meza yangu kabla yangu. Ilipoanza kukwama waliileta ghalani na kuniwekea mimi ya waya. Kidude chake cha kupokea herufi walikisahau. Ubao ule mwembamba haukukizuia kusikia.

Mzee alikalia kile kiti kitupu.

"Na yule mtoto wa watu aliyeko kwenye taulo?"

Nikaanza kusema kwamba tukienda kwa meneja itajulikana kuwa yeye hajui kompyuta, na huenda tukatafuta namna nyingine. Alinikatiza kwa upole.

"Mimi nimeficha ujinga. Wewe umemsingizia mtu. Inuka twende."

Tukaenda. Alieleza ya kwake yote, na kibodi ameishika mkononi. Mimi nilieleza ya kwangu kiasi cha nusu. Nilisema niliogopa, nilisema nilikosea. Kwa nini neno *najua* lilinitia hofu kiasi kile sikusema. Meneja alisikiliza, akaomba akione kile kidude, akakigeuza kiganjani, akasema ataangalia la kufanya.

Kwenye kaunta ya taulo nilikwenda peke yangu. Nilimweleza dada yule kila kitu huku akikunja, na hakuacha kukunja. Nilipomwomba radhi alisema amesikia. Baadaye kidogo akaongeza kwamba majuma yale, kwa jinsi nilivyokuwa nikigeuka kumtazama, hata yeye alianza kujishuku, akawa anakagua mikono yake mwenyewe anapoandika, asije akawa kweli anafanya jambo bila kujua. Hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana.

Alirudi afisini Jumatatu. Aligeuza meza yake, skrini ikaelekea ukutani, na alipoandika neno lake la siri aliufunika mkono kwa mkono. Hakunielekeza tena jinsi ya kuandika. Niliyakosa maelekezo yale, jambo nisilolitarajia.

Lakini alasiri, baada ya sala, alimwita mzee wa ghala, akamketisha kwenye kiti changu mimi nikiwa nimesimama, akamfundisha. Alimfundisha kwanza kushika kipanya, kwa kuwa mzee alikiinua hewani kila alipotaka mshale uende juu. Wakicheka, walicheka wao wawili. Mwaka ulipogeuka, mzee aliingiza orodha ya ghala lote kwa vidole vitatu, na hakuna aliyempata na kosa.

Mimi nilirudi Ukunda nikajiandikisha upya, nikafanya mtihani nikiwa na umri mkubwa kuliko wote chumbani, nikafaulu. Nilimwambia mwenzangu wa afisini kwanza. Akasema alikisia tangu juma langu la kwanza, na kwamba halikumhusu. Kisha nikapeleka cheti kwa meneja, tarehe yake ikionekana wazi, nikamweleza kwamba barua yangu ya kazi ilisema uongo.

Alikichukua akakisoma. Aliniuliza kama kuna jambo jingine, nikasema hakuna. Akavuta kibodi yake karibu, akaandika mistari miwili au mitatu, akabonyeza, akanirudishia cheti na kunitakia kazi njema. Skrini ilikuwa imemwelekea yeye. Nilifanya kazi pale miaka minne mingine, na alichokiandika siku ile sikukiona.