Siku ya Masikio na Siku ya Furaha

Kabla sijapimwa masikio, mimi ndiye niliyekuwa mtu mwenye furaha kuliko wote kiwandani. Sikujiita mwenyewe hivyo. Juu ya mlango wa chumba cha chai walikuwa wamebandika picha yangu, nimevaa mtandio wa bluu na aproni, natabasamu, na chini yake maneno ya Kiingereza yaliyosema kwamba huyu ni Balozi wa Utulivu.

Kiwanda chenyewe kiko huku ughaibuni, Seven Hills, si mbali na stesheni. Tunafua mashuka ya hoteli na ya nyumba za kutunzia wazee. Yanaingia machafu upande mmoja, yanatoka upande wa pili yamenyooka, ya moto kama mkate, na hapo katikati kuna mashine zinazonguruma kutwa. Mimi nasimama kwenye mashine ya pasi. Kazi hiyo niliianza binti yangu akiwa chekechea, na sasa yuko chuo, anaelewa Kiswahili changu chote na kunijibu kwa Kiingereza.

Meneja wetu alikuwa mgeni hapo, mama wa Kizungu mwembamba, mkarimu, mwenye macho ya mtu ambaye hajapumzika siku nyingi. Aliamini kwamba siku yoyote ambayo dunia imeitenga kwa ajili ya jambo fulani, sisi wa mashuka nasi lazima tuiadhimishe. Siku ya figo tuligawiwa chupa za maji tukanywa kwa pamoja, mpaka foleni ya choo ikakunja kona. Siku ya usingizi tuliambiwa tuje na nguo za kulalia. Siku ya nyuki tulilamba asali kwa kijiko, tumesimama wima, kimya, kwa heshima ya nyuki.

Kila alipopita kwangu alisema jambo, nami nikatabasamu nikajibu, "No worries," yaani hakuna shida. Dereva wa mashine ya kubebea mizigo akinifokea nimpishe, natabasamu. Watu wakigombania dirisha, huyu afungue yule afunge, mimi nipo katikati yao nanyoosha shuka na kutabasamu. Meneja akaliona hilo. Siku aliyonitangaza kuwa balozi alinishika mikono yote miwili, akazungumza kwa muda mrefu huku machozi yakimlengalenga. Nikamwambia no worries. Ubalozi niliupata hivyo.

Na wala sikuwa najifanya. Sikujua kwamba sisikii. Nilijua tu kwamba watu wa nchi hii wanamung'unya maneno. Wageni wote tulipofika tulilalamika hivyo. Wenzangu wakazoea, mimi sikuzoea, nikaona ni uzito wa kichwa changu katika lugha, basi. Ukizidiwa unatabasamu.

Ikafika siku ya masikio. Akaletwa kijana mwenye mashine ndogo, akakaa chumba cha chai, na meneja akataka balozi awe wa kwanza ili wengine wapate moyo. Kijana akanivalisha vikombe vya masikioni juu ya mtandio, akafikiri, akaniomba kwa ishara niviingize ndani ya mtandio. Akanipa kitufe. Kila nikisikia mlio, nibonyeze.

Nikakaa kwa adabu na kitufe changu mkononi. Nikasubiri. Nje ya kioo wenzangu walikuwa wananitazama, nikawapungia. Nikaendelea kusubiri. Mwishowe kijana akavivua vile vikombe taratibu, akainama karibu na uso wangu.

"Unasubiri nini, mama?"

"Nasubiri tuanze."

"Tumeshamaliza," akasema.

Majibu nilipewa mimi tu, si meneja. Kati ya wenzangu niliowaambia, aliyeumia kuliko wote ni msichana wa Kikenya ninayesimama naye mashine moja, anayesomea uuguzi na kuja kazini siku ambazo hana masomo. Tulipotoka alinifuata mpaka kwenye makabati, mkono kichwani.

"Aki mathe! Yaani hukuwa unaskia?"

"Sikuwa nasikia, mwanangu."

"Na vile nimekuambia story zangu zote! Za yule boyi, za mamake, zote! Nilikuwa najiambia, huyu mathe ako poa, hajudge mtu."

"Yule boyi amefanya nini?"

Akanitazama kwa huzuni. "Wacha tu. Siwezi anza tena."

Vifaa vya kusikia nilipewa baadaye, viwili vidogo, rangi ya karanga. Nilivivaa mara ya kwanza nikiwa kwenye treni ya kurudi Penrith, nikajuta. Mtandio ukigusa, nasikia kama mtu anakunjakunja mifuko ya plastiki kichwani mwangu. Mwanamume wa kiti cha mbele alikuwa anatafuna tufaha, na ilikuwa kama analitafuna begani kwangu. Mtoto alilia tangu Blacktown mpaka St Marys. Miaka yote nilikuwa nikiisifu treni ile kwa binti yangu kwamba ni mahali pa kutulia.

Nyumbani nilimkuta mume wangu jikoni, anachambua mchicha. Niseme hapa kwamba niliolewa na mwanamume mkimya. Ndugu zangu Tanga wote wanalijua hilo, maana nimewasimulia mimi mwenyewe. Nikaweka mkoba, nikafungua maji ya bomba, na nyuma yangu nikasikia sauti nzito, laini, inazungumza bila haraka.

"... yule bwana wa miche karudi tena leo, analalamika imekauka. Nikamwambia, bwana, mche unataka maji kama wewe unavyotaka chai."

Nikageuka. "Unaongea na nani?"

"Na wewe."

"Umeanza lini kuongea?"

Akaacha mchicha. "Mimi? Mbona siku zote naongea?"

"Na hiyo miche ni ya nani? Wewe si unalinda geti la maghala?"

Akakaa kitini. "Mke wangu, kazi ya ulinzi niliacha zamani. Nauza miche, kule kwenye bustani kubwa. Nilikuambia. Tulikuwa hapa hapa jikoni, ukanijibu, 'Sawa, Mungu atajalia.'"

"Na ile sare ya kijani?"

"Ya bustanini."

"Nilidhani kampuni imebadilisha sare."

"Na udongo wa magotini, ambao unaufua wewe mwenyewe?"

"Nilidhani siku hizi mnalinda nje."

Binti yetu aliyekuwa mlangoni na simu yake akasema, "Oh my God," akarudi chumbani. Mume wangu hakukasirika. Alisema tu, kwa sauti ile ile laini ambayo kumbe nimeishi nayo miaka yote, kwamba alikuwa akijivuna kwa marafiki zake kuwa amepata mke asiyemkatiza mtu maneno.

Utulivu wangu ukafa. Kiwandani nilisikia mashine moja inapiga mluzi ambao hakuna mwingine aliyeujali. Nilisikia dereva wa mizigo anaimba, na anavyoimba ni adhabu. Nilisikia ugomvi wa dirisha, na siku moja nikaliacha shuka, nikaenda nikalibamiza lile dirisha likafungika, nikasema, "Limefungwa! Kuna mwingine?" Hakukuwa na mwingine. Meneja aliniona. Nilisoma hofu usoni mwake, kwa sababu siku ya furaha ilikuwa inakaribia, na mzungumzaji mkuu nilikuwa mimi.

Siku hiyo sote tulivaa njano. Mashine zilizimwa, jambo ambalo sijawahi kuliona mchana. Akaja mwalimu wa kucheka. Ni kazi kabisa, mtu anakodiwa. Akatufundisha kucheka bila sababu, kwanza kwa tumbo, halafu kwa kifua, halafu kwa kumtazama jirani machoni. Tulicheka kama watu waliotekwa. Halafu akasema sasa tunyamaze dakika moja, kila mtu aisikilize furaha iliyo ndani yake.

Tukanyamaza. Mimi nilisikia matumbo ya watu, maana chakula kilikuwa hakijatolewa. Nilisikia bomba linadondosha maji. Na pembeni yangu, chini kabisa, karibu na pumzi tu, nilimsikia meneja, amefumba macho, kofia ya njano kichwani, anasema, "Nataka kwenda nyumbani. Nataka kwenda nyumbani. Nataka kwenda nyumbani."

Nikapewa kipaza sauti. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumshukuru Mungu na ya subira, lakini yalinitoka yote kichwani. Nikasema kweli ilivyo.

"Sikuwa na utulivu wowote. Nilikuwa sisikii."

Yakapigwa makofi, makubwa. Meneja akaweka mkono kifuani. "Hasikii," akarudia polepole, kama anaonja. "Dunia inapiga kelele, yeye hasikii."

"Anasema masikio!" msichana wa Kikenya akapaza sauti kutoka nyuma. "Jameni, ni masikio!"

Lakini mwalimu wa kucheka alikwisha kutuinua mikono, na kiwanda kizima kikawa kinasema, sisikii, ha ha ha, sisikii, ha ha ha.

Wiki iliyofuata, mlangoni, tulikuta bakuli la vizibo vya masikio, vya njano, na juu yake picha yangu. Tulikuwa tumeomba vizibo kwa miaka, kwa sababu ya kelele za mashine, tukijibiwa kwamba jambo linaangaliwa. Sasa vimeletwa kwa ajili ya furaha ya ndani, na kila asubuhi ikatengwa saa ya kuvivaa. Mimi peke yangu nikasamehewa, kwa kuwa iliaminika kwamba nimekwisha fika kwenye utulivu wenyewe.

Katika saa hiyo, asubuhi moja, niliona kitambaa chekundu cha meza ya hoteli kikiingia kwenye pipa la mashine ya kufulia mashuka meupe. Nikapiga kelele. Nikamwita wa kwanza, akatabasamu. Nikamwita wa pili, akaniambia no worries. Nilikimbia mpaka kwenye swichi ya mashine nikipunga mikono, na watu njiani wananipungia nao. Nilipofika, maji yalikuwa yamekwisha kuwa mekundu.

Mashuka yalitoka ya waridi. Yakapita kwenye pasi yakiwa ya waridi, yakakunjwa ya waridi, rundo kwa rundo, na wenzangu mmoja mmoja wakaanza kuvua vizibo. Meneja akaja. Nilidhani atalia. Badala yake akaketi juu ya rundo moja, bado lina moto, akayatazama, akaanza kucheka. Hakikuwa kile kicheko cha mwalimu. Hiki kilimwinamisha, kikamkata pumzi, kikamtoa kamasi.

Nikaketi karibu naye, nikamwambia taratibu, "Siku ile ya furaha nilikusikia. Nenda nyumbani."

Akajifuta uso kwa ncha ya shuka. "Nilisema kwa sauti?"

"Sauti ndogo. Lakini mimi nina vifaa vipya."

Akanitazama masikioni, akaona kamba nyembamba inayotokeza chini ya mtandio, na nikaona jambo linamwingia, lote kwa mara moja, kuanzia ile siku aliyonishika mikono. "Oh," akasema. "Oh, no." Akaondoka kabla ya chai. Alikaa kwao siku kadhaa, akarudi amenenepa kidogo usoni, akaishusha picha yangu, akaviacha vizibo vya masikio palepale mlangoni, na kuanzia hapo vikavaliwa kutwa kwa sababu ya kelele.

Mashuka ya waridi wateja wenyewe hawakuyataka. Meneja akapendekeza tuyatunze mpaka mwezi ule ambao watu huvaa waridi kwa ajili ya saratani, lakini ghala halikuwa na nafasi, tukagawana.

Jumamosi moja mume wangu akanipeleka kuona kazi yake. Wenzake wakanipa mkono, wakaniambia wamenisikia sana kupitia kwake. Akanitembeza katikati ya mistari ya miche, akinieleza habari za mboji: ile ya majani, ile ya samadi, ipi inachoma mizizi, ipi haichomi. Alianza kuieleza langoni, na tulipofika kwenye viti vya bustani, mwisho kabisa, bado alikuwa kwenye samadi. Yalikuwa maelezo marefu na hayakuwa na mvuto hata kidogo. Nikamuuliza kwa nini ile samadi ya kuku mnaichanganya na nyingine. Akasimama. Akanitazama, akavua glavu zake, akavuta kiti, akaanza upya.