Gati Alilolionyesha Fundi Timazi

Saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linachungulia juu ya maji, mwanamume wa miaka hamsini na minne anapanda ngazi ya mbao. Mkono mmoja ameshika ndoo ya maji ya sabuni, wa pili ufagio wa mpini mrefu. Ukuta ulio mbele yake ni mweupe, au ulikuwa mweupe jana jioni. Asubuhi hii umegeuka kijivu kwa wadudu wa ziwani, wale wadogo kuliko mbu wasiouma mtu, ambao hufuata taa na kufia ukutani kwa maelfu.

Anasugua kuanzia juu kwenda chini, bila haraka. Ukianzia chini, anasema, uchafu wa juu utakushukia na kazi itakuwa ya kujichekesha. Kisiwani wanamwita Timazi, kwa ile kamba ya waashi yenye kipande cha chuma nchani, kwa kuwa tangu ujana wake hajapata kuinua ukuta uliokwenda upande.

Huu nao aliuinua yeye. Una urefu wa mita mia moja na themanini, umeizunguka nyumba pande tatu, na upande wa nne ni ziwa.

"Sijajenga ukuta ulionyooka kama huu," anasema akikamua tambara. "Wala sijajenga mwingine ninaoomba uanguke."

Nyumba yenyewe ukiiona utaipenda, tusidanganyane. Ni ya ghorofa mbili, ina vioo kutoka sakafuni hadi darini, baraza ya mbao inayotazama maji, na bwawa la kuogelea hatua ishirini tu kutoka ziwani. "Mtu kapata ziwa zima, kachimba na la kwake," Timazi anatania. Pazia moja la sebuleni linazidi mishahara yake ya miezi saba. Anajua kwa sababu yeye ndiye aliyesaini karatasi ya kupokea mzigo.

Mwenye nyumba hukaa humo wiki tatu kwa mwaka, mwezi wa nane. Siku nyingine zote nyumba inalindwa, inafagiliwa na kusuguliwa, ikimsubiri.

Mwaka jana jarida moja la nyumba za kifahari lilikuja kuipiga picha. Wavuvi waliombwa wasogeze mitumbwi yao isionekane, na watoto wakakatazwa kuoga karibu mpaka kamera ziondoke. Jarida lilipotoka, liliandika kwamba nyumba hiyo iko peke yake na maji. Nyuma ya ukuta wanaishi watu elfu mbili na mia tatu, wana shule moja na zahanati yenye muuguzi mmoja. Wanapika, wanagombana, wanaoana. Hakuna aliyetokea kwenye picha hata kisogo.

Kabla ya vioo na mapazia, jengo hilo lilikuwa bohari ya ushirika wa wavuvi. Halikujengwa pale kwa bahati. Kisiwa kizima kimezungukwa na maji ya kina kifupi, na wakati wa kiangazi ziwa hurudi nyuma likaacha tope na magugumaji. Mahali pamoja tu, mbele ya bohari, mwamba umekatika ghafla na maji ni ya kina mwaka mzima. Boti zilitia nanga hapo tangu enzi za babu zake Timazi. Mgonjwa wa kupelekwa hospitali ng'ambo alipakiwa hapo.

Ushirika ukafa, kama vifavyo vyama vingi, na jengo likauzwa kwa mnada ambao kisiwani hakuna aliyesikia ukitangazwa. Miaka mitano iliyopita akaja mhandisi na michoro yake. Timazi alikuwa mwashi wa kutwa tu, mmoja kati ya kumi na wanane.

Mhandisi alitaka kujenga gati upande wa kusini, penye ufukwe mzuri wa mchanga. Timazi alimwona anakwenda kupotea na ufundi wake ukamwasha. Akamwambia, bosi, huko utakuja kujuta, njoo nikuonyeshe. Akampeleka penye mwamba, akatumbukiza upondo wa kusukumia mtumbwi, mti mrefu kuliko watu wawili, ukazama wote bila kugusa chini. Mhandisi akampa mkono mbele ya mafundi wote, na kesho yake akamfanya msimamizi wao.

Hakufanya hivyo kwa kujipendekeza, anasisitiza. Alifikiri gati la zege litawafaa watu kuliko ule mwamba uliokuwa ukiwatelezesha kina mama na mizigo. Aliuliza kama litakuwa la wote, akajibiwa litakuwa la wote, mzee, usiwe na shaka. Hakudai karatasi. Kisiwani humo, neno likishatamkwa kazini mbele ya mafundi limekwisha, na anayelirudia kwa kuliulizia huonekana amemtukana mwenzake.

Gati likakamilika. Kisha ukaja mchoro wa ukuta, na mstari wake ulipita kati ya gati na kijiji.

Timazi aliacha upenyo wa mita moja penye njia ya zamani, kwa akili yake tu. Baada ya wiki akaletewa lango la chuma alifunge hapo. Akalifunga, likiwa wima kama kazi zake zote. Ufunguo ukaenda kwa meneja wa nyumba, mwanamke mpole mwenye lugha nzuri, anayeishi mjini, na Timazi akabakizwa kwa mshahara wa kuutunza ukuta.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," mkewe alimwambia jioni ile, na hakuwa akitania.

Mwezi wa kumi, mwaka juzi, kisima kikapata mtu. Binti yao mkubwa alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Saa sita mchana muuguzi akagundua mtoto amelala mkingamo, hawezi kutoka bila upasuaji. Kwa boti, hospitali ni mwendo wa dakika arobaini. Wakambeba mpaka langoni.

Mlinzi wa zamu alikuwa mpwa wake Timazi, mtoto wa dada yake. Akampigia meneja simu mara tisa. Iliita, haikupokelewa. Lango lina kufuli kubwa, na mlinzi hana ufunguo.

Wakamgeuza mgonjwa, wakamzungusha hadi upande wa tope. Wanaume wanane waliingia hadi kiunoni kuisukuma boti katikati ya magugumaji, nao walichukua saa moja na nusu kufika penye maji ya kuelea. Binti aliponea hospitali. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshafariki.

Mpwa alikuja nyumbani siku ya tatu, akakaa kwenye mkeka bila kuinua macho. "Mjomba, ningevunja kufuli, watoto wangu wangekula nini?" aliuliza.

Timazi hakumjibu siku ile. Leo anajibu, akiwa amekaa kwenye ndoo aliyoipindua.

"Ningemlaumuje? Hata mimi nilikuwa na nyundo. Ilikuwa nyumbani, hatua mia mbili. Nilisimama pale langoni nikamwaza meneja, nikaiwaza kazi. Sikwenda kuichukua."

Hilo ndilo linalomla, na halifichi. Walipomzika mjukuu, asubuhi iliyofuata alikuwa juu ya ngazi, anasugua. Kisiwani hakuna mwingine anayejenga kwa saruji, na mke na watoto watano hawashibi majuto.

Baada ya msiba, mwalimu mkuu wa shule aliwaandikia barua, watu mia tatu wakatia sahihi au dole gumba, Timazi akaipeleka mwenyewe mjini, kwenye ofisi ya meneja. Waliomba jambo moja: lango lifunguliwe kwa wagonjwa. Majibu yalikuja baada ya miezi minne, kwenye karatasi nzito yenye picha ya nyumba juu. Ombi limekubaliwa, mradi ofisi ipewe taarifa saa ishirini na nne kabla mgonjwa hajaugua.

Haikuandikwa hivyo neno kwa neno. Iliandikwa "kabla ya safari", lakini mkewe Timazi aliposomewa alielewa vizuri. "Waulize kama na mauti nayo inaandikiwa barua," alisema, akarudi jikoni.

Sasa binti ana mimba tena, ya miezi minane. Muuguzi ameshasema na huyu atahitaji kisu, na kwamba uchungu ukianza, kila saa ina thamani yake. Hospitali haimlazi mjamzito ambaye siku zake hazijafika. Mjini hawana ndugu, na chumba cha kupanga kinadai kodi ya miezi mitatu mbele. Familia imebaki kuhesabu siku.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwenye nyumba anawasili mwezi wa nane, tarehe mosi, na anaondoka tarehe ishirini na moja. Akiwapo, lango hushinda wazi kwa wageni wake, na boti yake ya kasi hukaa gatini pamoja na nahodha. Mwaka jana mtoto mmoja mwenye homa alivushwa kwa boti hiyo, na tajiri mwenyewe ndiye aliyeagiza. Si mtu mbaya, Timazi anasema, ila hayupo. Mtoto wa binti yake anatarajiwa kati ya tarehe kumi na tisa na ishirini na sita.

Basi fundi aliyefungiwa njia na ukuta wa mkono wake amekuwa akimwombea tajiri kila siku: afya njema, safari salama, na hali ya hewa tamu itakayomfanya aongeze walau wiki. Mkewe humsikia, akageuza uso.

Kabla ya kupanda tena ngazi, Timazi ana ombi kwa mwandishi. Jina la mwenye nyumba lisiandikwe, wala la kisiwa, asije akasoma akakasirika na kuiahirisha safari.

Anaulizwa kama kweli hana kinyongo na mtu huyo. Anachovya ufagio, anaukung'uta.

"Ninacho," anasema. "Lakini nitamchukia mwezi wa tisa. Wa nane namhitaji."