Nilimfungulia mwenye nyumba wallet ya bitcoin, mtaa mzima wa Pate ukahifadhi maneno ya siri

Wakuu, salamu kwenu mliolipia bando na nyinyi mnaoiba wifi ya jirani.

Haya ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi, simu hii isishike chaji tena.

Juzi asubuhi nilitoka Shela bila mpango wowote. Kazi ya guesthouse ilinichosha. Nikatembea hadi Amu mjini, nikaingia boti ya kwanza iliyokuwa ikijaza abiria.

Tulipokwisha kuondoka ndipo nikamuuliza jirani wa kiti tunaenda wapi. "Mtangawanda, gati ya kisiwa cha Pate," akasema, akinitazama kama mgonjwa.

Nauli na boda hadi Pate zikamaliza cash. Pesa zilizobaki zote ni bitcoin, kitu nilichojifunza mwenyewe, mimi niliyeacha shule darasa la saba mwalimu alipochoka na maswali yangu.

Nikaelekezwa kwa Bi Zena, anayekodisha chumba cha juu. Zamani alisomesha watoto Kurani. Nikamwambia wazi: sina shilingi, nitalipa kwa bitcoin. Akikataa, nalala gatini na mbu.

"Ina riba?"

"Haina, Bi."

"Yaonekana?"

"Haionekani."

"Basi hiyo ni jini."

Akanitajia bintiye aliyeko Maskati. Nikamweleza kuwa anaweza kumtumia moja kwa moja, bila yule bwana wa ofisi ya kutuma pesa kujikatia mnofu. Akitaka shilingi, anaiuza papo hapo kwenye simu.

Hapo simu yake ikatolewa haraka!

App ikatoa maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Nikamwambia, huu ndio ufunguo. Atakayeyajua maneno haya ndiye mwenye pesa. Andika kwenye karatasi.

"Karatasi yaliwa na mchwa," akasema, akijigusa kichwa. "Kitwa hakiliwi."

Nikapanda darini kutafuta network, nikamtumia kodi ya siku tatu. Nikashuka najiona profesa.

Wakuu, nilimkuta anahifadhi kwa njia anayoijua yeye. Kwa sauti, akiyumba, kama yuko chuo cha Kurani! "Lada, goti, oniyoni..." Na nyumba za Pate mnazijua, dirisha la huyu liko puani kwa yule.

Akakwama. Kutoka ng'ambo ya kichochoro, jirani yake Bi Amina akapaza sauti:

"We Zena! Baada ya oniyoni ni taiga!"

Wanawake wengine huko ndani wakacheka, wakamalizia hadi la kumi na mbili.

Bi Zena akanigeukia taratibu.

"Wasema atakayeyajua ndiye mwenye pesa?"

"Ndiyo, Bi."

"Basi uliyemlipa ni Amina. Kalale kwake."

Nilikimbia darini na simu yake, nikafungua wallet mpya, nikahamisha kila kitu kabla ya Bi Amina kujua alichonacho. Safari hii Bi Zena aliandika, mdomo kaufunga kabisa, karatasi ikaingia ndani.

Nikauliza ameificha wapi.

"Panapokaa dhahabu yangu. Mume wangu apatafuta tangu harusi."

Akanipa ufunguo wa chumba.

Nilichojifunza: bitcoin si ya wasomi. Kama Bi Zena ameiweza kabla ya alasiri, wewe unaogopa nini? Anza na kidogo ambacho kikizama hutalia, na maneno yako usiyasome kwa sauti hata ukiwa chooni.

Bi Amina amenisimamisha ngazini, naye anataka wallet yake. Nimempa sharti moja: aifungue akiwa kimya.

Mnaoiita utapeli, shusheni hoja hapa chini. Na mlio nayo, maneno yenu mmeficha wapi?

Hapana. Hilo msijibu.