Wiki Tatu za Glavu

Pale chuoni walimwita Mama Vipimo, kwa sababu hakukubali kitu cha kukadiria. Ukimwambia "karibu sawa," anakuuliza karibu na wapi. Miaka ishirini na miwili alifundisha kukereza chuma katika karakana moja, kwenye mashine sita zilezile, na hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kupoteza hata ukucha.

Shoto alikuwa mmoja wao. Alitumia mkono wa kushoto, na kwa kuwa mashine zile zimepangwa kwa watu wa kulia, aliharibu kazi mara mbili, walimu wakataka afukuzwe. Mama Vipimo akagoma. Alimfundisha upya namna ya kusimama, akamtoa fundi. Shoto alipofiwa na mama yake mzazi, alihamia kwa mwalimu wake, akalala chumba kimoja na wanawe hadi akahitimu.

Kwa hiyo aliporudi baada ya miaka minane, amevaa shati la kampuni na kubeba sanduku la miwani minene myeusi, hakuhitaji kupiga hodi.

"Mama, ukivaa hii unaona mashine nzima juu ya meza tupu. Unaiwasha, inazunguka. Mwanafunzi akikosea, haumii mtu. Ila inataka mwalimu, na mimi mwalimu ninayemjua ni mmoja."

"Na mashine zangu?"

"Hii ni ya kuanzia tu. Wakishaelewa, wanakuja kwako kwenye chuma chenyewe."

Wiki tatu Mama Vipimo alikereza akiwa amevaa glavu zenye nyaya, kamera mbili zikimtazama. Hakuficha kitu: namna ya kusikiliza kisu kinapoanza kulalamika, mahali pa kuweka mguu, makosa yake ya ujanani ambayo hata mumewe hakuyajua. Mumewe, dereva mstaafu, alimtania kwamba siku hizi hata akipika anaifundisha sufuria.

Siku ya kufungua muhula alikuta karakana ina kufuli jipya. Alichungulia dirishani. Sakafu ilikuwa tupu, imebaki na madoa ya mafuta. Mashine zilikuwa zimeuzwa wakati wa likizo.

Mkuu wa chuo alimpa barua bila kumtazama usoni. Kuanzia siku hiyo yeye ni mtunza vifaa; kazi yake kuchaji miwani na kuipangusa. Nyuma ya barua palibanwa pendekezo la kampuni: ujuzi wa mwalimu ukisharekodiwa, chuo hakitahitaji mashine wala mwalimu wa kukereza. Sahihi ilikuwa ya Shoto. Tarehe yake ilitangulia zile glavu kwa mwezi mzima.

Alimkuta darasani, akiwafunga wanafunzi mikanda ya miwani.

"Ulijua?"

"Mama, tuongee nje."

"Nakuuliza hapahapa. Ulijua?"

Shoto alishusha sauti. "Nilijua. Ningekwambia, usingekubali."

"Ndiyo maana mtu huulizwa."

Alichukua miwani moja, akaivaa. Aliiona mikono yake mwenyewe ikifunga chuma, akaisikia sauti yake ikionya. Kazi ilikuwa safi. Alitamani iwe mbovu, apate la kusema.

"Itoe sauti yangu humu."

"Siwezi, mama. Ni mali ya kampuni."

Aliweka miwani mezani taratibu, isije ikakwaruzika, akaacha na funguo zake hapohapo.

Mumewe alipoisikia habari hiyo alisema, "Shukrani ya punda."

"Usimsingizie punda," alijibu. "Punda akikupiga teke, unamwona."

Siku hizi anakereza mihimili ya pampu za maji katika gereji ya rafiki yake. Shoto alifika huko mara moja, akasimama mlangoni. Mama Vipimo alimaliza kukata, akapima, akazima mashine.

"Una kazi ya kukereza?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukuona."

"Basi wapishe wenye kazi."

Aliondoka. Kitinda mimba wa Mama Vipimo, aliyelala chumba kimoja na Shoto, bado huzungumza naye kwa simu, na kila mara hutoka kwanza uani. Mama yake humsikia akicheka huko nje. Hajawahi kumkataza, ila hashiki kitu chochote mpaka simu ikatwe.