Jodari wa Harusi na Tone la Histamini

Nimeolewa Msambweni, kwa wavuvi, na tangu wiki ya harusi yangu nilikuwa sili samaki. Cheka tu, hata mimi ningecheka. Jodari aliyeletwa na wakwe alipitishwa mtaa mzima kwenye sinia, kwa vigelegele, jua la utosi, kila mlango umwone. Ndiyo ada ya kwao. Nilipomla, uso uliniwaka, kichwa kikanigonga, moyo ukaenda mbio. Shangazi ya mume wangu akakata hukumu: mwili wa bibi harusi hautaki samaki. Tangu hapo mavyaa, mama wa mume wangu, akawa ananipikia kuku peke yangu, kimya kimya.

Mwaka huu nilichoka na kuku. Nikaenda kwa daktari Ukunda, naye akanidondoshea matone mkononi, moja la jodari, moja la histamini, akayadonoa kwa sindano.

"Histamini huitoa mwili wenyewe ukikataa kitu," akasema. "Hapa lazima pavimbe. Pasipovimba, kipimo chetu ni bure."

Nilikodoa macho. Pa histamini pakawasha, pakafura kama nimeumwa na mbu. Na pa jodari? Hamna kitu! Niliruka kitini.

"Tulia, mama. Jodari yule alikaa juani?"

"Daktari, alitembezwa!"

Akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe jodari akikosa barafu, vijidudu huitengeneza histamini hiyohiyo ndani ya nyama yake, na moto wa jikoni hauiondoi.

"Lakini na wengine wangewashwa," akasema.

Nikamwambia niliumwa mimi tu.

Nilifika nyumbani nikihema. Mavyaa alikuwa akikuna nazi. Nikamwamkia shikamoo, kisha nikamwaga yote, ulimi haushikiki. Akaacha kukuna.

"Mwanangu, siku ile mimi nililala sakafuni namwagiwa maji. Na shangazi yenu vilevile. Tungalisemaje, na samaki ametoka kwetu?"

Nilitaka kukasirika, nikashindwa, furaha ilikuwa imenijaa hadi kooni. Ndipo nikawaelewa wale kuku wote.

Akamtuma mume wangu kwa wavuvi: jodari, na barafu isiyeyuke njiani. Alimpika mwenyewe, akanikatia upande wa tumbo, akaketi mbele yangu bila kugusa sahani yake mpaka nilipomeza.