Pongo Aliyenisubiri

Wewe niulize lolote, nitakujibu, kwa maana haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi, chai ikiwa bado tumboni. Wengi wamenicheka. Hata mchungaji wetu aliniuliza kama siku hiyo nilikuwa nimepitia kwa busaa. Mimi sinywi.

Kwetu ni upande wa Isecheno, na shamba letu linaishia pale msitu unapoanzia. Mwaka huo mke wangu Roda alikuwa na mimba, ya kwanza baada ya miaka sita ya kungoja na kuombewa. Alikuwa amekataa kila chakula. Obusuma, ugali wetu, hataki, kuku wa ingokho hataki, hata ndizi anatapika. Siku moja akaniambia anatamani nyama ya pongo, ile niliyomletea mwaka tulipooana.

Najua, kuwinda kumekatazwa. Nilijua hata wakati huo. Lakini kila mwaka nilikuwa naingia msituni mara moja na upinde wa marehemu baba, na kila mara niliingia peke yangu, kwa sababu mwindaji mwenye rafiki hukamatwa kwa mdomo wa rafiki.

Niliingia kukipambazuka, ukungu umekaa chini ya miti kama maji. Sikwenda mbali kabla sijamwona pongo. Dume, mwekundu kama udongo wa barabara yetu, madoa meupe mapajani, amesimama ananitazama. Nikavuta upinde. Akageuka, akaenda zake taratibu, kama mtu anayekwenda kumsalimia jirani. Nikamfuata.

Nilipochoka, alisimama. Nilipokwama kwenye miiba, alingoja huku anatafuna majani. Je, umewahi kuona mnyama wa porini akimsubiri mwindaji? Hapo ndipo nilipopaswa kurudi nyumbani. Lakini niamini, sikuwa na hofu hata chembe. Nilihisi utamu wa usingizi, ule wa mtoto aliyebebwa mgongoni. Mbega walikuwa wakinguruma juu ya miti, wakanyamaza. Ndege wakanyamaza. Nikawa nasikia kwato zake tu juu ya majani mabichi, na baadaye hata hizo sikuzisikia.

Miti ikaachana, nikaona boma. Nyumba ya udongo, uwanja umefagiwa, moshi unapanda wima. Na pongo wamelala uwanjani kama mbuzi, wengi sana, wanacheua. Katikati yao alikuwa ameketi mzee mwenye koti la kijivu, ungo wa maharagwe mapajani, anachambua.

"Mulembe," akasema.

"Mulembe, mzee."

"Huyu wangu amekusumbua?" Yule dume alikuwa tayari amelala miguuni pake.

"Hapana, mzee."

"Keti basi. Umetembea."

Nikaketi. Akanipa kibuyu cha maziwa, nikanywa. Hadi leo nikifumba macho naipata ladha yake, lakini kuilinganisha na kitu siwezi. Tulikaa. Vivuli vikarefuka uwanjani, jua likageuka la jioni, na mimi sikushangaa kwamba siku imekwisha. Unashangaa wewe? Mimi niliona ni sawa kabisa.

Ndipo mzee akasema, bila hasira, macho kwenye maharagwe yake, "Yule jike uliyemchukua mwaka jana alikuwa na mtoto tumboni."

"Sikujua, mzee."

"Najua hukujua. Umechukuanga kila mwaka, na mimi nimenyamazanga. Leo na wewe nipe mmoja. Nitajie jina tu. Sitakuja kwako kumtafuta. Ukilitaja, atakuja mwenyewe."

Usingizi wote ukanitoka. Na jina la kwanza kupanda kooni lilikuwa la Roda, kwa sababu ndilo nililotembea nalo tangu asubuhi. Nikauma ulimi, nikasikia chumvi ya damu. Likaja jina la jirani yangu, yule aliyeng'oa mpaka wa shamba letu, na nakiri mbele yako kwamba hilo nililipima mdomoni. Kisha nikamkumbuka bintiye mdogo, anavyopitanga kwetu kuomba moto.

"Utanipa nani?" mzee akauliza tena.

Nikataja jina langu mwenyewe. Lote, la ubatizo na la ukoo.

Hakucheka. Akaweka ungo chini, akalirudia polepole. Niliona midomo yake ikitembea, lakini sikusikia kitu. Pongo wote wakainua vichwa kwa pamoja.

"Limetosha," akasema. "Nenda nyumbani."

"Si nabaki hapa?"

"Nimekuomba jina, kijana wangu. Sijakuomba miguu."

Sikupiga hatua ishirini kabla ya kutokea kwenye shamba letu. Umande ulikuwa bado majanini. Simu ilionyesha saa mbili kasoro asubuhi. Roda alikuwa jikoni akiinua sufuria ya chai. "Umerudi mapema," akasema. "Umesahau nini?" Nikatundika upinde. Siku hiyo hiyo alikula obusuma na mboga, akamaliza, akaomba nyingine.

Jioni alinishika bega na kunitikisa. "Mama anakuita pale uani, mbona humjibu?" Nikageuka. Kweli, mama alikuwa amesimama karibu kabisa, mikono kiunoni. Sikuwa nimemsikia.

Na sijamsikia akiniita kwa jina tangu hapo. Kuku nasikia, redio ya jirani nasikia, ila mtu akitaja jina langu panakuwa na shimo la ukimya. Kwenye kitambulisho picha naiona, lakini herufi za pembeni macho yanateleza juu yake. Binti yetu alizaliwa salama, mzima, tukamwita Neema, na watu sasa wananiita Baba Neema. Hilo nasikia.

Mama amekataa kuniita hivyo. Anasema jina langu alilitoa yeye kwa kinywa chake, ni la baba yake mzazi. Kila Jumapili tukitoka kanisani ananiketisha, ananishika kidevu, analitamka. Nayaona machozi yake, naiona midomo yake. Basi. Na jioni nyingine, ukungu ukishuka, naona tu nimeshasimama na mguu mmoja uko nje ya mlango, kama mtu aliyeitwa. Roda hunishika shati.

Kwa hiyo ukiingia msitu huu kwa jambo lolote, ukaona mnyama anakusubiri, rudi na mikono mitupu, hata kama nyumbani wanalala njaa. Na kama umeshaketi, umeshakunywa maziwa, na mzee amekuuliza, tafadhali usitaje la mwenzako. Taja lako, uende nyumbani ukamlee mtoto wako.